Makofi ya Kumkalisha Mtu

Juma lililopita mhadhiri kijana wa chuo kikuu alishuka kwenye garimoshi hapa Tabora, akatupa mhadhara wa wazi juu ya nafasi ya mwananchi katika maamuzi. Ukumbi ulijaa, na kila alipovuta pumzi tulimpigia makofi. Mwishowe akauliza, “Ndugu zangu, mlipohamishiwa vijiji vipya, kuna aliyeulizwa maoni yake?”

Tukapiga makofi.

Akatukodolea macho. “Hilo lilikuwa swali,” akasema.

Huko nyuma akasimama mama mmoja, akafunga kanga yake vizuri.

“Shikamoo, mama,” mhadhiri akamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Mimi natoka Usoke. Siku walipotujia na lori, bani langu la kukaushia tumbaku lilikuwa bado lina moto…”

Kiongozi mmoja wa mstari wa mbele, bila hata kugeuza shingo, akaanza kupiga makofi. Sote tukadakia. Mimi niliibana kalamu kwapani ili viganja viwe huru. Anayehudhuria mikutano yetu anayajua makofi hayo: hayamsifu mtu, yanamkalisha. Mama akangoja yaishe. Alipofungua kinywa, tukaanza upya. Akaketi.

Wakati wa kutoka nilikutana na yule mama mlangoni. Akaniangalia kalamu, kisha uso.

“Baba, makofi yote yale ya nini, na mimi hata sijasema kitu?”

Nikamjibu kwamba tumefurahi sana kumsikiliza.