Taa Niliyoiunda Ilimdanganya Shemeji Yangu

Nimekosa, na sitaki mtu aanze kunitafutia sababu. Jina langu liacheni. Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Lushoto, na kama umewahi kupita karibu na soko huenda ulishaniletea simu yako.

Niliyemkosea ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni kwa miguu, kutoka hapa mjini kupitia Rangwi mpaka Mtae, siku tatu nne milimani. Tulikuwa watani hasa. Akiingia kibandani kwangu ananiuliza leo nimeua simu za wangapi, nami namuuliza leo kawapoteza wageni wangapi.

Siku moja akaniambia, "Shemeji, wewe si unajidai fundi? Niundie taa ya kambini. Hizi za dukani zinakufa kwa mvua ya kwanza."

Nikaanza. Betri nilizitoa kwenye laptopu mbovu, vitaa vya LED nikavipanga juu ya bati, na kava nikalikata kwenye dumu la maziwa ili mwanga usichome macho. Inachajiwa kwa chaja ya simu tu. Shemeji akaenda nayo Rangwi, akarudi na lawama: kwenye ukungu ule mwanga mweupe unamrudia usoni, haoni hata anapokanyaga. Nikaweka vitaa vya njano, nikavielekeza chini. Akarudi tena, kishikio kinamkata vidole. Nikakivisha mpira wa baiskeli. Taa ile tuliilea wawili, na sioni haya kusema ilikuwa nzuri. Waongozaji wenzake wanne nao wakataka za kwao.

Basi hapo ndipo nilipoharibu.

Nilikuwa nimeiwekea kitaa kidogo cha kuonyesha chaji, kijani ikiwa imejaa, nyekundu ikielekea kwisha. Sasa betri kuukuu hazifichi umri wao. Taa ikiwaka kwa saa moja tu, kitaa kinakuwa chekundu, ingawa taa yenyewe ingewaka saa mbili zaidi. Mwongozaji mmoja akasema mbele ya watu, "Bwana mghosi, taa yako ina homa, hata giza halijaingia macho yameshakuwa mekundu." Watu wakacheka. Nilicheka nao, lakini iliniuma sana. Nina majivuno mimi, dada yangu alinionya tangu utotoni.

Dawa ya haki ilikuwa kuweka betri mpya. Sikuweka. Kwenye kila taa nilibadilisha rezista moja, kidude kama punje ya mchele, na kitaa kikabaki kijani mpaka betri inakata roho. Nikajiambia sijamwibia mtu, taa inawaka muda uleule, nimebadilisha rangi tu. Shemeji alipoiona akanipigapiga begani kwa furaha. Sikumwambia kitu.

Mwezi haukuisha. Alikuwa na wageni wawili, wameshaipita Rangwi, mmoja wao anachechemea, jua likawazamia njiani na ukungu ukashuka. Walipita kwenye nyumba za watu ambako wangeomba kulala. Shemeji akaitazama taa, akaona kijani, akawaambia wageni twendeni, chaji ipo. Nusu saa mbele ikazimika, tena kwenye kijinjia kinachopita ukingoni mwa korongo. Simu zao zilikuwa zimeisha chaji kwa kupiga picha. Akawaambia wakae chini wasisogee, yeye akatangulia kupapasa njia. Akateleza. Mguu ulivunjika mahali pawili, na wageni wakapiga kelele mpaka wakulima wakaja na tochi kuwaokoa.

Nilipofika hospitali nilimkuta kafungwa hogo la plasta mpaka pajani. Nilijua atanitukana. Nilikuwa tayari, na nasema kweli, hata nilitamani.

Akanishika mkono. "Shemeji, nisamehe. Nadhani sikuichaji vizuri kule Rangwi. Nimekuharibia jina la taa yako."

Nami, jamani, nikamjibu, "Usijali shemeji, hutokea."

Nilimsamehe. Mtu niliyemvunja mguu kwa kazi ya mikono yangu, nilimsamehe!

Kuanzia hapo mambo yakazidi kuharibika na mimi nimefunga mdomo. Kikundi chao cha waongozaji kilimtoa. Walisema anayeingia porini na taa isiyo na chaji ataua wageni. Dada naye akawa anamsema kutwa, mzembe wewe, umeshindwa hata kuchomeka waya. Alimsema mbele ya watoto. Na mimi huku nikazikusanya zile taa nne nyingine, nikadanganya kwamba nazisafisha, nikaziwekea betri mpya na kitaa nikakirudisha kama zamani. Kwa hiyo nilijua. Asije mtu kunitetea kwamba sikujua.

Miezi mitano nimekaa hivyo. Jumapili kanisani tukifika kwenye kuungama dhambi, wenzangu wanasema maneno, mimi natazama viatu vyangu.

Siku moja mchana nikaenda kumwona nyumbani. Nilimkuta barazani, magongo pembeni, na ile taa yake, ambayo wakulima waliiokota wakamrudishia, kaichomeka kwenye chaji. Haendi popote, mlima hapandi tena, lakini kaichomeka.

"Naichaji kila siku," akaniambia. "Nisije nikasahau tena."

Hapo nikashindwa. Nilimweleza yote, betri kuukuu, rezista, na kwamba kile kijani kilikuwa cha uongo. Hakufoka. Aliuchomoa waya, akaukunja taratibu. Kisha akasema, "Dada yako yuko jikoni. Kamwambie na yeye, kama ulivyoniambia mimi."

Nikaingia. "Shikamoo dada." "Marahaba, mdogo wangu." Alikuwa anamenya viazi. Nikasema yote nimesimama. Aliacha kumenya.

"Miezi mitano namwita mume wangu mzembe," akasema, "na wewe unakuja hapa, unakunywa chai yangu, unanisikiliza."

Akaanza kulia, na mimi nikalia. Hakuninyamazisha, wala mimi sikustahili.

Wiki ileile nikasimama mbele ya kikundi cha waongozaji nikarudia maneno yaleyale. Jina lake walimsafishia, tena walikwenda nyumbani kwake kumtaka radhi. Lakini mguu hauwezi tena njia za milimani, na kazi nyingine hajaijua. Wateja wangu wamepungua, hilo ni haki yangu. Kinachonitesa ni kwamba shemeji hanitanii tena. Nikimsalimia anaitikia vizuri, anauliza habari za kazi, basi.

Ninyi mnaounda vitu vya kutumiwa na watu, iwe taa, iwe jiko, iwe breki za baiskeli, kitu kikiwa dhaifu kiacheni kionekane dhaifu. Wacha wakucheke. Kuchekwa hakujavunja mguu wa mtu.

Na lipo jingine, ndilo hasa lililonikalisha chini niandike. Uliyemkosea wewe akikuomba msamaha, usiupokee. Sema palepale kitandani kwake, hata kama sauti inatetemeka. Mimi niliupokea, na mpaka leo sijui nimrudishieje.