Saa za Mama

Asubuhi hiyo nilitoka mtaani Huruma, Eldoret, bila kujua ninakoenda. Nikapitia mtaa wa vitu vya kale, ambako milango yote ilikuwa imechorwa alama nyekundu, ya kubomolewa. Dada yangu alikuwa ndani ya duka alilorithi kutoka kwa mama, akipangusa saa ya ukutani kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Harufu hiyo ilinirudisha utotoni.

Mama alikuwa akinunua saa kuukuu kwenye mashamba yaliyoachwa na wazungu. Kila asubuhi, kabla ya wateja kufika, zote zilitiwa ufunguo, na kazi hiyo ilikuwa ya dada. Mimi niliwahi kufungua moja ili nione sauti inatoka wapi, na springi ikaruka hadi barabarani.

"Nipe ufunguo leo tu," niliomba.

"Wewe shika kitambaa," mama alisema. "Mikono yako inauliza maswali mengi."

Dada alicheka, akauzungusha polepole makusudi, huku mama akimtazama vile hakuwahi kunitazama mimi.

Asubuhi hiyo ya alama nyekundu sikuingia dukani kumsalimu dada. Nilidandia lori lililokuwa likienda kuchukua mahindi Turbo, na huko nikapata chumba cha kupanga kwenye ploti ya mama mmoja mzee.

"Unafanya kazi gani?" aliniuliza.

"Tuko na duka la vitu vya kale Eldoret. Sasa linabomolewa."

"Woi, pole sana."

"Asante, Mama," nilisema, nikaipokea yote, pole iliyokuwa haki ya dada yangu.