Flashi ya Mama Kemunto

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, nikiwa kijana wa kazi katika duka la kompyuta pale Masimba. Shule niliiachia kidato cha pili. Kompyuta nilifundishwa na mwenye duka, Mzee Omari, mtu mpole asiyependa kelele.

Aliingia Mama Kemunto, mjane kutoka Tabaka. Marehemu mumewe alikuwa mchonga mawe, na kompyuta yake, yenye picha za vinyago vyake vyote, ilikuwa imekataa kuwaka. Dawa tuliijua. Unaandika kwenye flashi ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ambao kila mtu ana ruhusa ya kuunakili na kumgawia mwenzake, kisha unaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo na kutoa vilivyomo.

Mama akafungua kitambaa, akatoa flashi yake.

"Tumia hii," akaniambia. "Nafasi bado iko."

Alidhani tutaongeza tu, kama mtu anavyoongeza ndizi kwenye kikapu. Mimi nilijua kwamba flashi ikiandikwa hivyo, vya zamani vyote vinafutika. Nilijua, nikaichomeka bila kumwambia. Nilikuwa karibu kubonyeza Mzee Omari alipoweka kiganja juu ya kibodi.

"Umemwuliza mna nini humu?"

"Amenipa mwenyewe, Mzee."

"Amekupa nafasi. Vitu vyake hajakupa. Muulize."

Nikamwuliza.

"Si kitu kikubwa," mama akasema. "Ni sauti ya baba watoto. Alituongelesha akiwa hospitalini."

"Iko mahali pengine?" nikamwuliza tena.

"Wapi tena? Simu yenyewe ilikufa."

Tukaifungua. Mtu akakohoa, halafu akasema polepole, "Bwakire, Kemunto," akimwamkia binti yake kwa Kikisii, akauliza kama ng'ombe amepewa maji. Mama alijifunika uso kwa leso. Mimi niliondoa mikono kwenye kibodi.

Mzee hakunigombeza zaidi. Alisema tu, "Usifute kitu cha mtu kwa sababu hajui kwamba unafuta." Kisha akatoa flashi tupu kwenye droo. Nikaiandika hiyo, kompyuta ikawaka, na picha za vinyago zikatoka zote. Sauti nayo tuliinakili, mama akarudi nayo Tabaka ndani ya kitambaa chake.

Mwaka huu nimemzika mke wangu. Sauti yake imebaki kwenye simu yangu, akinikumbusha kununua chumvi. Mwingine akiitazama ataona faili ndogo tu. Mimi siku nyingine nashindwa hata kuifungua.

Basi, mwanangu, wewe unayetengeneza flashi hizi za kuwashia kompyuta leo, kabla hujabonyeza, fungua utazame. Mweleze mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani kwao, kwamba kila kitu kitaondoka, kisha ungoje ajibu. Akisita, tafuta flashi nyingine, hata kama una haraka.

Mungu aibariki mikono yako. Na atakayekukabidhi kilichobaki cha mpendwa wake, arudi nacho nyumbani kikiwa kizima.