Mama Aulizwa Achague Mjukuu

Jumamosi nilikula katika hoteli moja pale Malili, karibu na mama mzee, mwanawe na mke wa mwanawe, waliokuwa wakitoka kliniki Nairobi.

“Mwaitu, mama,” mke akamwambia mkwewe, “daktari amepima zile mimba changa walizotutungia maabara. Mbili hazina ule ugonjwa.”

Ugonjwa huo, nilielewa baadaye, ndio uliomchukua kifungua mimba wa mama. Mama alipiga makofi mpaka mhudumu akaja mbio akidhani ameitwa.

“Lakini moja ni mvulana, nyingine msichana,” mwanawe akasema. “Tutaanza na moja. Mvulana ataitwa baba, Mungu amlaze pema. Msichana ataitwa wewe. Sema.”

Niliacha kutafuna. Mjane achague kati ya jina la mumewe na lake!

Mama alimtazama mwanawe kuanzia viatu hadi kipara. “Zote ni nzima?”

“Zote.”

“Basi daktari afumbe macho, achukue moja. Mimi niliomba ugonjwa uondoke, umeondoka. Hayo mengine msiniulize. Wewe nilikuombea uwe msichana, miezi tisa mizima. Ningeulizwa, nani angekuwa hapa akinimalizia muthokoi?”

Mke alicheka mpaka akashikilia meza. Mwanamume naye akacheka, kisha polepole akaisukuma ile sahani ya mahindi na maharagwe ikarudi kwa mama.

Nimesoma hoja nyingi za wasomi kuhusu kuchagua watoto. Hii ndiyo ya kwanza kuiona ikimfanya aliyeshindwa arudishe chakula.