Ua Jekundu la Bafuni

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu hadi majirani wanauliza kama niko mzima. Umeolewa juzi tu, na tayari nasikia unataka kupangua jiko la mama mkwe wako. Haya, kaa hapo kwanza.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa bibi arusi mbichi hapa Kisangani. Mume wangu Basile alifanya kazi kwenye bato, zile meli za mtoni. Mama yake aliishi Opala, na hakunitaka. Alikuwa amemchagulia mwanawe msichana wa kwao, anayejua kulima. Mimi aliniita "ule mutoto wa muji", jina langu hata hakulitaja. Basi habari ikaja kwamba anakuja kututembelea, mara ya kwanza.

Nikasema lazima akute kitu cha kumfunga mdomo. Bafu letu lilikuwa dogo, la simenti tupu, limeshikana na sebule. Basile akaniletea makaro yaliyovunjika, vile vigae vya sakafuni, mabaki ya mahali walipokuwa wakijenga. Sikuwahi kushika mwiko wa fundi maishani, lakini nani angenizuia? Nikapanga ua jekundu katikati ya vipande vyeupe. Likapendeza, wee! Kitu kimoja tu kilikuwa kimenikera kabla sijaanza: sakafu iliinama upande wa tundu la maji. Nilimcheka fundi aliyeijenga, nikasema huyu alikuwa amelewa. Nikajaza simenti mpaka sakafu ikawa sawa kama meza, ndipo nikapanga makaro yangu.

Mama mkwe akafika. Mgeni wa safari huoga kwanza, ndiyo heshima yake, kwa hiyo nikamwekea ndoo ya maji ya moto, nikamfungulia mlango kwa madaha. Sebuleni baba wadogo wa Basile, waliokuja kumpokea, walikuwa wanakula samaki na pondu, kile kisamvu chetu. Mara yule mkubwa wao akanyanyua miguu.

"Basile! Mayi iko naingia!"

Maji yaliingia kweli, tena na povu la sabuni. Wahenga husema maji yakimwagika hayazoleki. Sisi siku ile tuliyazoa, mwanangu, tena kwa sufuria! Mama mkwe akatoka amejifunga kikwembe, akawakuta wanaume wazima wamepanda viti, sahani mikononi. Nikatamani ardhi inimeze.

"Eh!" akasema. "Mto ya Lomami niliiacha kule Opala, kumbe iko nanifuata mpaka hapa?"

Wote wakaangua kicheko. Mimi nikakimbilia jikoni kulia.

Asubuhi yake akaniita bafuni, ameshika nyundo. Nikajua leo narudishwa kwetu.

"Nani alikuambia unyooshe hapa?"

"Nilizani fundi alikosea, mama."

"Ulimuuliza?"

"Apana, mama."

"Kitu ukiikuta imeinama, uliza kwanza nani aliinamisha, na juu ya nini. Hapa iliinama juu mayi ipate njia ya kutoka."

Bon, alisema kweli. Kuuliza si ujinga, nami kiburi kilikuwa kimenifunga mdomo. Tukavunja, tukaurudisha mteremko. Kila tulipomaliza kipande alimwaga maji kidogo, tukachuchumaa wawili tukiyatazama yanakokwenda. Nilidhani ua langu limekufa, kumbe alikuwa ameweka vipande vyekundu kando, anavifuta kwa pindo la kikwembe chake.

"Ua haina kosa," akasema. "Rudisha, mutoto wangu."

Umesikia? Si mutoto wa muji tena. Nililia upya, simenti usoni, na safari hii ilikuwa furaha.

Basi, mwanangu, pamba nyumba yako utakavyo, weka maua yako, asikukataze mtu. Lakini kabla hujanyoosha ulichokikuta kimeinama, kaa na aliyekutangulia, umuulize. Pengine alikosea kweli. Pengine aliona maji ambayo wewe hujayaona. Hilo jiko liache mpaka kesho, leo nenda ukamuulize mama wa watu kwa nini aliliweka pale.

Mungu akupe mkono wa kupamba na sikio la kusikia. Maji ya nyumba yako yapate njia ya kutokea daima. Na mama mkwe wako, kabla hujafika uzee huu wangu, akuite mutoto wake.