Faili za Mdogo Wangu

Kabla wadogo zangu hawajatumia kitu, mimi hukitumia kwanza. Wazazi walipofariki niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo nimeonja dawa zao za kikohozi, nimekaa kwenye viti vyao vya kuazima nione kama vitavunjika, na baiskeli ya kwanza iliyoingia nyumbani niliizungusha mimi mpaka Ngulyati na kurudi. Sasa ni watu wazima. Wananiita mayu, yaani mama, hasa wakitaka kitu.

Leo nina steshenari hapa Bariadi mjini. Mdogo wangu wa mwisho anasomea udongo chuo kikuu, na likizo iliyopita alikuwa akipima unyevu katika mashamba ya pamba kule Sapiwi. Ili vipimo viwe grafu alihitaji programu maalumu, na kompyuta yake ya mtumba inatumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Linux ina mkubwa wake anayeitwa root. Root haulizwi, anafanya lolote. Fundi aliyetuuzia alisema nenosiri la root apewe mtu makini. Nililiandika nyuma ya cheti changu cha darasa la saba, na mdogo wangu hajawahi kuliona.

Kwa hiyo programu niliisakinisha mimi, kama root. Ilipomaliza sikutoka kwenye root. Niliifungua hapohapo nione kama inafanya kazi, nikachora mstari mmoja mwekundu, nikaridhika. Kisha nikamwita akae.

Alifanya kazi siku mbili kwenye dirisha lilelile nililomfungulia. Grafu nane, nzuri kweli. Siku ya tatu umeme ukakatika, betri ikaisha, akaiwasha kompyuta upya na kuingia kwa jina lake. Programu ikatokea, ikapotea.

Siku hiyohiyo msimamizi wake alikuwa ameandika: sahihisha majina ya vipimo, nitumie kabla ya saa kumi. Zikichelewa, kazi yake ingesubiri mwaka mwingine. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Mayu," aliniita, "inasema sina ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

"Ya kuandika kwenye folda yangu mwenyewe." Akakodolea macho skrini. "Grafu zote ni za root. Mipangilio ya programu ni ya root. Mayu, na hii ulionja?"

"Nilijaribu tu kama inafunguka."

"Umeonja mpaka ukamaliza chungu!"

Mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa akacheka. Nikamwambia kopi ya kucheka inalipiwa.

"Si shida," nikamwambia mdogo wangu. "Kila ukitaka kuifungua, niite. Nitaweka nenosiri."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na nikirudi chuoni, utakuja kulala bweni la wavulana?"

Alikuwa na haki: kila nikiifungua kama root, kila anachohifadhi kingekuwa cha root. Ningekuwa namsaidia azidi kukwama.

Ipo amri inayobadilisha mwenye faili. Niliijua kwa sababu ya kompyuta ya dukani, ila sikuwahi kuitumia kumpa mtu kitu. Nikaandika chown, nikaandika jina lake, nikaandika folda. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Bonyeza, mayu. Sitakimbia nazo."

Nikabonyeza. Nikatoka kwenye root, mara hii kweli. Programu ikafunguka kwa jina lake, na grafu zote nane zikakubali kusahihishwa. Alizituma zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili, na msimamizi akajibu neno moja: zimefika.

Wiki iliyofuata alitaka toleo jipya. Safari hii alilipakua na kulifungulia ndani ya folda yake mwenyewe, ambako haombi nenosiri la mtu. Mimi nilikuwa kaunta nikibana karatasi za watu, nikijifanya sisikii kibodi.

"Mayu, njoo uone."

Nikaenda nikiwa nimefunga mikono nyuma. Mistari ya unyevu ilipanda na kushuka kwa rangi tatu.

"Usiguse," akasema.

Sikugusa. Niliuliza tu kama amehifadhi. Mara mbili.