Tairodi ya Kumrudisha Mama

Juma lililopita gari langu lilianza kugonga mbele, upande wa kulia, nikalipeleka Gatsata kwenye magereji. Fundi akalipandisha jeki, akashika gurudumu kulia na kushoto, akalitikisa. Ko! Ko! "Tairodi imekwisha, mama," akaniambia. Nilitaka kumjibu, machozi yakanitangulia. Fundi wa watu alidhani ninalilia bei. Wewe nitakueleza, maana yeye sikuweza.

Hapo Gatsata ndipo nilipokulia, katika nyumba ya mteremkoni juu ya magereji. Harufu ya grisi ilipanda mpaka jikoni kwa bibi, ikachanganyika na isombe, mboga ile ya majani ya muhogo, na mafuta ya mawese, na sisi watoto hatukujua kwamba kuna nyumba zisizonuka hivyo. Asubuhi tuliamshwa na nyundo. Wakati huo kila mwanamume wa Gatsata alijiita fundi, mpaka siku gari lake mwenyewe lilipoharibika. Baba aliuza vitenge sokoni, lakini alikuwa na gari dogo jekundu, akalipenda kupita kiasi. Bibi, mama yake, alizoea kumtania kwamba ana wake wawili, na yule mwekundu ndiye anayetunzwa.

Kisha mama akafiwa na mtoto mchanga, mdogo wangu, na akili ikamwacha. Baba alimpeleka hospitali ya Ndera kwa gari lile. Tairodi, kile kifundo cha chuma kinachounganisha fimbo ya usukani na gurudumu, ilikuwa imelegea, na kila tulipoingia shimoni iligonga. Mama akaziba masikio. "Iko mutoto anabisha huku chini," alisema. "Simama, mumufungulie." Baba hakusimama. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nikaogopa kuweka miguu yangu sakafuni.

Miezi ikapita. Siku moja daktari akasema mama anaweza kuja nyumbani Jumapili. Akitulia, atabaki moja kwa moja. Lakini aje na nini? Basi lilimtisha kwa wingi wa watu, na gari la mtu asiyemjua alilikataa kwa mayowe. Lilibaki lile jekundu tu, na ndani yake alimsikia mtoto. Baba aliapa kwamba gari halitagonga tena.

Sasa sikiliza ujinga wetu watu wa Gatsata. Kipuri kipya cha kwenye boksi tulikishuku kwamba ni bandia. Tulichokiamini ni okazioni, yaani kile kilichotolewa kwenye gari jingine lililotoka Japani. Jirani yetu muuza vipuri, Mwislamu mpole aliyefunga duka kila adhuhuri kwenda kuswali, alikuwa na msemo wake: "Okazioni ya Japani inashinda mupya ya hapa." Na namna ya kuipima ilikuwa moja. Unabonyeza ile ngozi ya mpira inayofunika kifundo. Ikiwa laini, tairodi ni hai. Jirani akabonyeza, akampa baba naye abonyeze. "Iko nzima, muzee. Tena iko na grisi." Grisi hiyo aliipaka mtu, sijui nani wala wapi, na chini yake chuma kilikuwa kimelika. Lakini nani angefunua mpira mzima kuchungulia?

Jumamosi baba akalala chini ya gari. Alichukua rangi ya kucha ya mama, akatia alama kwenye nyuzi za fimbo, ili kifundo cha okazioni kikazwe mpaka palepale na gari lisivute upande. Akachomoa pini, akafungua nati, akagonga kwa nyundo mbili mpaka kile cha zamani kikaruka. Upande wa pili wa ua bibi alikuwa akitwanga majani ya muhogo kwa ajili ya mkwewe, mchi na nyundo vikipokezana. Jioni baba akalitikisa gurudumu. Kimya! Alinawa mikono huku akiimba, na sijapata kumsikia akiimba tena.

Jumapili, baada ya misa, tukaondoka watatu, baba, bibi na mimi. Tulipoacha lami na kuteremka barabara ya vumbi ya Ndera, kitu kikakatika chini yetu, usukani ukalegea mikononi mwa baba, na gurudumu la kulia likageukia mtaroni peke yake. Baba alikifunga kifundo kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Tukasogea kidogo, kikachomoka. Akafunga tena, kikachomoka tena. Alifunga mpaka vidole vikatoka damu, na jua linakwenda.

"Mwanangu, cha kuvunda hakina ubani," bibi alisema. "Twende na miguu."

"Na yeye, mama? Atarudi na nini?"

Tulifika jua limeinama. Mama alikuwa kwenye benchi karibu na lango, amechana nywele, amevaa viatu, furushi mapajani. Alitutazama mikono, kisha akatazama barabara nyuma yetu.

"Gari iko wapi?"

"Imeharibika njiani, mama watoto. Lakini tumekuja."

"Gari haiko," mama alisema. "Basi hamukukuja." Akainuka, akaingia ndani. Baba alimwita, akamwita, hakugeuka.

Baada ya hapo hali yake iliporomoka. Jirani alikuja kulia nyumbani kwetu. Hata gari lake mwenyewe, maskini, alikuwa amelifungia okazioni. Baba akanunua mpya za boksi, kulia na kushoto, akawaachia mafundi. Leo magereji mengi ya bondeni yamehamishwa, bibi tumemzika, na lile gari jekundu liliuzwa kipande kipande. Natamani hata ile harufu. Zaidi namlilia baba wa Jumamosi ile, aliyelala chini ya gari akiamini kwamba mke hurudishwa kwa spana.

Maana mama alirudi. Mvua zilipokwisha aliruhusiwa, na yeye aliyekataa magari ya wageni akapanda lile jekundu bila kuuliza neno, akakaa nyuma pamoja nami. Njia nzima gari halikugonga. Tulipofika baba alimfungulia mlango.

"Murakoze, shoferi," mama akamshukuru, akasimama uani kungoja mtu amwonyeshe nyumba ni ipi.